Korneto ya alfajiri: mwongozo kamili wa kuoka mkate wa asubuhi wa Waitaliano

Saa moja asubuhi mjini Roma, mtu anaingia baa. Msomaji wa pwani asishtuke: baa ya Italia si kilabu cha pombe, ni duka la kahawa la mtaani. Jioni huuza na vinywaji vingine, lakini asubuhi kazi yake ni moja. Mtu huyo anasimama kaunta, hakai. "Kapuchino na korneto," anasema. Punde anasogezewa kikombe chenye povu la maziwa, pamoja na mkate mdogo mtamu wa umbo la pembe, umezungushiwa tishu ili vidole visinate. Anauma, anapiga funda, anamuuliza jirani yake matokeo ya mechi ya jana, anajifuta midomo, huyo anatoka. Dakika tano hazijatimia.

Jina lenyewe, cornetto, maana yake ni pembe ndogo. Hapa nitaliandika tunavyolitamka, korneto. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kwetu naikuta kwenye vikapu vya hoteli tu, ikiuzwa kwa bei ya anasa na ikiitwa kroasanti. Kwao anaila fundi bomba, anaila wakili, anaila mwanafunzi mwenye begi mgongoni, bega kwa bega kwenye kaunta ile ile. Mahali pake ni pale mandazi na chai yanapokaa kwetu. Ukiishaielewa hivyo, hata kazi ya kuioka inakaa sawa kichwani, maana kila hatua imepangwa ili mkate utoke motoni watu wanapoamka. Kwa hiyo nitakupangia kazi kwa saa, kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili asubuhi. Mikono haifanyi kazi muda wote huo. Sehemu kubwa ni friji inayofanya kazi wewe umelala.

Si kroasanti

Korneto na kroasanti ni watoto wa babu mmoja. Babu huyo ni kipferl, mkate wa Vienna wenye umbo la mwezi mchanga. Kuna hadithi maarufu kwamba waokaji wa Vienna waliubuni mwaka 1683, mji uliponusurika kuzingirwa na jeshi la Waosmani, wakauchora kwa umbo la hilali iliyokuwa kwenye bendera za adui. Hadithi inapendeza, ila mkate huo ulitajwa Austria karne nyingi kabla ya vita hivyo. Kufika kwake Italia hakuhitaji hadithi. Venice na Vienna zilikuwa zikifanya biashara, na baadaye Milan na Venice zote mbili zikatawaliwa na Austria, Milan hadi 1859 na Venice hadi 1866. Watawala walikuja na kifungua kinywa chao.

Wafaransa waliupokea kutoka kwa waokaji wa Vienna waliofungua duka Paris katika miaka ya 1830, kisha wao wakaupeleka kwenye siagi: tabaka kavu zinazovunjika, ladha ya siagi tupu, sukari kidogo, yai hamna ndani ya donge. Waitaliano wakaupeleka kwingine. Donge la korneto lina mayai, lina sukari zaidi, lina harufu ya ganda la chungwa au limau na vanila, na siagi yake ni pungufu. Matokeo yake ni mkate laini, tabaka zake zinachambuka lakini hazimwagi makombo kifuani. Mtu anayekula amesimama, amevaa nguo za kazini, anahitaji mkate wa namna hiyo.

Angalia majina ukisafiri. Korneto ni jina la Roma na kusini. Ukipanda kaskazini, Milan kwa mfano, watu hao hao huuita brioche. Ukishuka hadi Sicily neno brioche linarudi likiwa na maana tofauti kabisa: mkate wa duara wenye kijungu juu kama kifundo cha nywele, unaoliwa na granita, barafu laini ya lozi au limau au kahawa. Na si kila Mwitaliano anaanza siku na korneto. Napoli wana sfogliatella, kitafunwa kitamu cha tabaka nyembamba, ambayo duka la Pintauro la barabara ya Toledo liliifanya maarufu tangu 1818. Genoa wapo wanaochovya mkate wa chumvi wa focaccia ndani ya kahawa ya maziwa. Hata Roma korneto inagombea nafasi na maritozzo, skonzi tamu iliyopasuliwa katikati na kujazwa krimu.

Kahawa, saa na kaunta

Huwezi kueleza korneto bila mashine ya kahawa. Angelo Moriondo wa Turin alipewa hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1884. Luigi Bezzera wa Milan akaleta yake mwaka 1901, iliyomtolea kila mteja kikombe chake papo hapo. Kabla ya hapo kahawa ilichemka taratibu kwenye birika. Baada yake, mtu aliweza kuingia, kunywa na kutoka kabla tramu haijafika. Kifungua kinywa cha kusimama kilizaliwa hapo, na korneto ikakifaa kwa sababu haitaki sahani wala kisu.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya kikombe hicho. Mchanganyiko wa espreso ya Italia, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hasa wa kusini, hupenda kuwekwa robusta kwa ajili ya povu zito na uchungu, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kahawa ya Uganda. Mkulima wa robusta wa Masaka huenda hajawahi kuiona korneto, lakini jasho lake linanywewa nayo kila siku. Hili nalipenda kulisema jikoni, maana watu huongea kana kwamba kahawa ya Italia inaota Italia.

Wakijibana nyumbani, Waitaliano hutengeneza kahawa kwa birika dogo la moka, lililotoka mwaka 1933, na kula biskuti au mkate wenye jemu. Korneto ni ya kutoka nje. Kuila ni kuonana na watu. Mwenye baa anajua nani anataka krimu na nani anataka tupu, anajua mama wa nani yuko hospitali. Mzee wa pwani aliyezoea kahawa chungu na kashata barazani hahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi nilijifunzia Malindi, na hilo si ajabu. Waitaliano wako Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha anga cha San Marco baharini karibu na Ngomeni na kurusha setilaiti kutoka hapo mwaka 1967. Baada yao wakaja watalii, wenye nyumba, wenye mikahawa. Leo wapo vijana wa Malindi wanaozungumza Kiitaliano bila kukanyaga Italia. Fundi aliyenishika mkono alikuwa akianza kazi saa tisa usiku, na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa moja: baridi. Joto la pwani ndilo adui wa mkate huu. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini ni namna ya kulikwepa.

Vitu unavyohitaji (korneto 16)

Kwa donge: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 90, hamira kavu ya chembe ndogo gramu 6 (vijiko viwili vya chai vya msawazo), maziwa baridi mililita 180, mayai 2 ya kisasa au 3 madogo ya kienyeji, siagi laini gramu 50, asali kijiko kimoja cha chakula, chumvi gramu 8, ganda la chungwa moja na la nusu limau yaliyokwanguliwa, vanila kijiko cha chai.

Kwa tabaka: siagi gramu 200, iliyo baridi.

Kwa kupaka: kiini kimoja cha yai na kijiko cha maziwa. Kwa shira: sukari gramu 50 na maji mililita 50.

Unga kwanza. Geuza pakiti usome kiwango cha protini. Ukipata gramu 12 au zaidi kwa kila gramu 100, chukua huo. Unga wa keki hautafaa, donge litachanika ukilisukuma. Unga wa chapati wa kawaida mara nyingi una gramu 10 au 11. Unafaa, ila kanda zaidi na uliache donge lipumzike bila haraka. Waitaliano wenyewe hutafuta unga wenye nguvu wanaouita Manitoba, jina la jimbo la Kanada ulikotoka ngano yake zamani.

Siagi sasa, na hapa naomba unisikilize. Kwetu neno siagi limebeba vitu viwili. Majarini ya kupaka mkate si siagi. Ina maji mengi na mafuta yake hulainika upesi, ikiingia kati ya tabaka za donge itanyonywa na utapata mkate mzito uliolowa. Tafuta siagi ya maziwa, na kwenye pakiti iwe na mafuta asilimia 80 au zaidi. Kama mfuko hauruhusu, ni heri uoke nusu ya kipimo kwa siagi halisi.

Mayai ya kienyeji yana kiini cha manjano iliyokolea, nayo huipa korneto rangi ambayo mayai ya kisasa hayaitoi. Ukiyapata, usiyaache. Ukitumia matatu, punguza maziwa kidogo.

Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia sana. Vikombe vinadanganya kwenye kazi hii. Mti wa kusukumia chapati unatosha, mrefu ni bora zaidi.

Ijumaa, saa mbili usiku: kukanda

Changanya unga, sukari, hamira na maganda kwenye bakuli. Pasua mayai ndani, weka asali na vanila, mimina maziwa ukibakisha vijiko viwili. Maziwa yawe baridi kutoka friji. Najua tumezoea kuitia hamira maji ya uvuguvugu, lakini hapa tunataka iamke taratibu. Kanda dakika tano, kisha tia chumvi na siagi laini kidogo kidogo. Donge litaonekana kama linaharibika, litateleza mikononi. Endelea tu. Baada ya dakika kumi hadi kumi na mbili litashikamana na kung'aa. Chukua kipande ukivute kati ya vidole: kikitanuka kuwa utando mwembamba kabla ya kukatika, umefika. Likiwa gumu kama la chapati, ongeza yale maziwa uliyobakisha.

Usiliache liumuke mezani. Libonyeze liwe bapa kama kitabu, funga kwa nailoni, weka friji usiku kucha. Ubapa una sababu yake: donge la duara hupoa nje likabaki na joto katikati, na kesho utalipia kosa hilo.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi: kukunja

Nimechagua saa hii kwa sababu jikoni ndiyo kuna ubaridi kuliko wakati wowote wa mchana. Nairobi au Mbeya, Arusha au Bukavu, unaweza kuifanya saa yoyote. Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, amka.

Weka zile gramu 200 za siagi kati ya karatasi mbili za kuokea, zigonge kwa mti wa chapati, kisha zisukume ziwe mraba wa sentimeta 20 kwa 20. Siagi inatakiwa ipinde bila kukatika na bila kung'aa mafuta. Ikikatika ni baridi mno, iache mezani dakika tano. Iking'aa imeshapata joto, irudishe friji. Huu ndio ujuzi wenyewe, na hauji kwa kusoma. Mara yangu ya kwanza niliipuuza dalili ya kung'aa nikaendelea. Siagi yote ilivuja kwenye trei, na nilichotoa kilikuwa mkate wa kukaanga chini na mkavu juu.

Toa donge, lisukume liwe mstatili wa sentimeta 20 kwa 41. Weka siagi upande mmoja, funika kwa upande wa pili, bana kingo pande tatu kama unavyobana sambusa. Sasa donge na siagi viwe na ugumu unaolingana ukivibonyeza kwa kidole. Kimoja kikiwa kigumu kuliko kingine, kigumu kitapasuka ndani na tabaka zitakatika.

Sukuma kwa kwenda mbele na kurudi, kwa urefu tu, mpaka upate sentimeta 20 kwa 50 hivi. Nyunyiza unga kidogo sana, upanguse kwa brashi kabla ya kukunja. Kunja mara tatu, kama barua inayoingia bahasha. Funga, weka friji dakika 40. Kama friji yako imechoka, anza na dakika 15 za friza.

Rudia kazi hiyo mara mbili zaidi, kila mara ukiligeuza donge ili upande uliokunjwa uwe kushoto kwako. Mikunjo mitatu ya tatu tatu inakupa tabaka 27 za siagi. Aliyewahi kupika chapati za kuchambuka ameshaielewa kanuni: mafuta yanatenganisha unga na unga, na moto unapokuja kila tabaka inanyanyuka peke yake. Kwenye chapati tunapaka mafuta, tunaviringisha, tunamaliza kwa dakika tano. Korneto inataka mafuta yaliyoganda, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya siagi ndiyo yanayogeuka mvuke ndani ya oveni na kuzisukuma tabaka juu.

Siagi ikitokeza nje ya donge unaposukuma, usifadhaike. Nyunyiza unga hapo, rudisha friji, pumzika na wewe. Ukilazimisha ndipo unapoharibu. Baada ya mkunjo wa tatu, funga vizuri na uache friji mpaka jioni.

Jumamosi, saa mbili usiku: kukata na kuviringisha

Kata donge vipande viwili, kimoja kibaki friji. Kingine kisukume kiwe mstatili wa sentimeta 25 kwa 45, unene wa nusu sentimeta kasoro. Likirudi nyuma kama mpira, limechoka. Lipumzishe dakika kumi. Chukua kisu chenye makali, kata pembetatu ndefu zenye kitako cha sentimeta 10, moja ikitazama juu nyingine chini. Utapata nane. Kata kwa kushusha kisu moja kwa moja, usikiburute, maana kuburuta kunaziba tabaka kando. Vipande vya pembeni visitupwe, viviringishe kama konokono uvioke pamoja.

Katikati ya kitako cha kila pembetatu weka mkato wa sentimeta moja. Vuta ncha taratibu irefuke kidogo. Tanua kitako, kisha viringisha kuelekea ncha bila kukandamiza. Ncha imalizikie chini ya mkate, isipofanya hivyo itafunguka motoni. Mwisho pinda miguu miwili ikaribiane, ndiyo pembe yenyewe.

Ukitaka jemu ndani, hapa ndipo pa kuiweka: kijiko cha chai kwenye kitako kabla ya kuviringisha, si zaidi. Italia jemu ya asili ya korneto ni ya aprikoti. Jemu yoyote nzito yenye uchachu itafanya kazi hiyo, na ya embe iliyopikwa ikakauka vizuri inakaribia sana. Nyepesi itachuruzika.

Panga kwenye trei yenye karatasi, acha nafasi ya vidole vitatu kati yao, funika kwa nailoni isiyogusa, weka friji. Kama hutaki kuoka zote, hii ndiyo hatua ya kugandisha: zikishakuwa ngumu kwenye friza, zitie mfukoni, zitakaa wiki tatu. Usiku wa kuamkia siku ya kuoka utazihamishia friji. Usione haya kwa hilo. Baa nyingi za Italia leo huoka korneto zinazoletwa zimegandishwa kutoka kiwandani, na baa inayotengeneza zake huandika hivyo ukutani kwa fahari.

Jumapili, saa kumi alfajiri: kuumua

Hii ndiyo hatua inayoharibu korneto nyingi za pwani. Mkate unataka joto la kati ya nyuzi 24 na 26 ili uumuke kwa saa mbili na nusu hivi. Ukipita nyuzi 28 siagi inaanza kulainika ndani na tabaka zinaungana. Alfajiri ya Dar mara nyingi inakaribia kipimo hicho bila msaada. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, tumia deli la barafu kama la muuza samaki, lililooshwa vizuri: ingiza trei ndani pamoja na chupa moja ya maji ya friji, funika. Kwenye baridi ya Nyanda za Juu fanya kinyume, weka trei ndani ya oveni iliyozimwa na bakuli la maji ya vuguvugu chini yake.

Utajuaje zimeiva kuumuka? Tikisa trei kidogo. Zikitetemeka kama jeli, na ukitazama ubavuni ukaona mistari ya tabaka imeanza kuachana, ziko tayari. Zikikaa imara kama zilivyokuwa usiku, subiri. Ukiona matone ya mafuta kwenye karatasi, joto limezidi. Zirudishe friji dakika 15 kabla ya kuoka, utaokoa nyingi.

Saa kumi na mbili na nusu: motoni

Washa oveni nyuzi 190 dakika ishirini kabla. Paka kiini na maziwa kwa brashi laini juu tu, usipake kwenye mikato ya kando kwa sababu yai likishaganda hapo linafunga tabaka. Oka dakika 10, punguza hadi nyuzi 175, endelea dakika 8 hadi 10. Rangi iwe ya kahawia ya asali, chini pia. Watu wengi hutoa mapema kwa kuogopa kuunguza, wakapata katikati mbichi. Sukari ya donge hili huipa rangi haraka, hivyo ikikolea kabla ya wakati funika kwa karatasi ya foili, usiitoe.

Huku zikiiva, chemsha shira: sukari na maji, dakika mbili tu. Iwe nyepesi kuliko ya kaimati. Zipake korneto zikiwa bado za moto. Ule mng'ao unaouona kwenye baa za Roma unatoka hapo.

Asiye na oveni anaweza kuoka kwa mkaa kama tunavyooka mkate wa sinia. Chukua sufuria pana na nzito, weka mchanga mkavu chini, uipashe moto, weka trei ndogo juu ya mchanga, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Oka nne nne. Hazitakuwa na rangi sawa pande zote, ila tabaka zitachambuka na harufu itawaamsha majirani.

Krimu, kwa wanaoitaka

Krimu ya Waitaliano ni ndugu wa kastadi, ila hii inasimama kwa viini vya mayai. Pasha maziwa mililita 250 na kipande cha ganda la limau. Piga viini 3, sukari gramu 60 na kornflawa gramu 25. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo ukikoroga, rudisha jikoni, koroga bila kuacha mpaka iwe nzito na itokote dakika moja. Ipoze ikiwa na nailoni iliyogusa uso wake ili isifanye ngozi. Usiioke ndani ya mkate. Korneto ikipoa kidogo, itoboe ubavuni uijaze kwa mfuko wa kupambia keki.

Mimi naila tupu. Baada ya siku mbili za kuhangaikia tabaka, krimu naiona kama shela juu ya sura ya bibi harusi. Lakini mezani kwangu watoto hupigania ya krimu, na Italia nako wateja wamegawanyika hivyo hivyo.

Ukiwa Italia kwenyewe

Baa nyingi za mijini hutaka ulipe kwanza kaunta ya fedha, upewe risiti, ndipo uipeleke kwa mtengeneza kahawa. Nyingine unakula kwanza. Angalia wenyeji wanafanyaje. Ukikaa mezani ukahudumiwa, bei hupanda, wakati mwingine mara mbili, na bei zote hutundikwa ukutani. Ukitaka isiyo na kitu ndani sema semplice au vuota, ya krimu ni alla crema, ya jemu ni alla marmellata. Salamu ni buongiorno, nayo hutangulia ombi kama sisi tunavyoanza na habari za asubuhi. Kuingia na kudai kahawa bila salamu ni utovu wa adabu kule kama ilivyo huku.

Kapuchino ni ya asubuhi. Kuanzia saa tano hivi wenyeji wengi hawaiagizi tena, hasa baada ya chakula, kwa kuamini kwamba maziwa hulemea tumbo. Korneto yenyewe ina maisha mengine usiku. Roma na miji mingi ya kusini kuna waokaji wanaofungua mlango wa nyuma baada ya saa sita usiku, vijana wanaotoka kwenye muziki wanapanga foleni kununua zile za kwanza zilizotoka motoni, na saa chache baadaye baba zao wanakula za fungu lile lile wakienda kazini.

Zako za nyumbani uzile ndani ya muda wa saa nne tangu zitoke motoni. Zilizobaki usiziweke friji, zitakauka. Zifunge kwa kitambaa, na jioni zipashe dakika nne kwa nyuzi 160. Za siku ya pili zipasue, zichovye kwenye yai na maziwa, zikaange kwa siagi kidogo, uwape watoto na chai ya maziwa kabla ya shule.